Presha kuka ya umeme ya lita 6: inalipa kwa maharage, si kwa wali

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, ukiwa na lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, presha kuka za umeme zimejaa madukani, kuanzia Kariakoo mpaka mikoani. Tunayoizungumzia hapa ni ya lita 6 na wati 1,000, yenye vitufe mbele na kifuniko cha kuzungusha. Muuzaji atakwambia inapika kila kitu. Mama wa nyumbani anayegawa hela ya matumizi siku kwa siku ana lake moja la kuuliza: hela yangu itarudi lini?

Itarudi, tena vizuri, kwa nyumba inayochemsha maharage, makande, kongoro au utumbo angalau mara tatu kwa wiki. Nyumba ambayo chakula chake ni ugali, dagaa, mchicha na wali, ibaki na gesi yake, laki na kitu hiyo ina kazi nyingine.

Tuanze na umeme. Mteja wa kawaida wa TANESCO, yule wa kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, uniti moja inafika shilingi 356 hivi, ndiyo maana LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 1,000 huleta uniti 2.8. Nusu kilo ya maharage makavu yasiyolowekwa, pamoja na maji yake, hula kati ya uniti 0.4 na 0.45. Hiyo ni shilingi 140 hadi 160 kwa sufuria nzima. Sehemu kubwa ya umeme huo inakwenda kwenye dakika 20 za mwanzo, wakati maji yanapashwa hadi presha ipande. Presha ikishapanda, jiko linawaka na kuzima lenyewe, linagusa umeme kidogo tu kulinda joto lisishuke.

Sasa gesi. Maharage hayohayo kwenye jiko dogo la gesi yanakaa saa mbili na nusu, na moto mdogo unakula gramu 80 mpaka 100 kwa saa. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa 24,000, kilo moja ni 4,000, na sufuria moja ya maharage imekula kati ya 800 na 1,000. (Bei ya mtaani kwako ikiwa tofauti, gawanya tu kwa kilo 6 uendelee na hesabu.) Tofauti ni shilingi 700 hivi kwa sufuria, au zaidi kidogo. Sufuria tatu kwa wiki ni 13 kwa mwezi, kwa hiyo unaokoa kama 9,000 hadi 11,000. Jiko la 180,000 litarudisha hela yake kwa mwaka mmoja na nusu. Ukisikia muuzaji anasema miezi mitatu, mwambie akuandikie hesabu.

Kwa wali, tofauti haionekani. Wali kwenye gesi ni nusu saa, shilingi 200 na kidogo. Kwenye presha kuka ni kama uniti 0.3, shilingi 107. Unaokoa mia moja, na ukoko anaoupenda mtoto hupati. Ugali hausongeki humo kabisa, sufuria inazunguka na kifuniko hakina kazi. Chapati hazimo. Mchicha unaiva kabla presha haijapanda.

Anayepikia mkaa apime kwa njia nyingine, kwa sababu kopo la mkaa halilingani muuzaji kwa muuzaji. Siku ya maharage, hesabu makopo yaliyoingia jikoni kuanzia kuwasha hadi sufuria kuepuliwa, uzidishe kwa bei. Usisahau mkaa ule unaoongezwa katikati, saa ya pili, pale moto unapofifia na maharage bado yanagoma. Huo ndio unaofanya mkaa uwe ghali kwa maharage, na ndio hausemwi. Mara nyingi mkaa wa kununua kwa kopo unashindwa na umeme hata kabla ya gesi.

Kuna kundi moja linalotakiwa kuangalia mita kabla ya kununua chochote: wateja wa D1, wale wa matumizi madogo. Hao wanalipa shilingi 100 kwa uniti, pamoja na kodi 122, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ndiyo ile 9,150 inayoleta uniti 75 kamili. Uniti ya 76 inaruka hadi 350, na pamoja na makato ni 427. Sufuria 13 za maharage zinaongeza kama uniti 5 au 6 tu, kwa hiyo nyumba ya taa na televisheni haina shida, na kwake sufuria ya maharage ni shilingi 55. Lakini nyumba yenye friji tayari iko karibu na mpaka. Ukianza kupikia humo na wali, nyama na chai, utavuka, na ukizoea kuvuka utahamishiwa T1. Soma manunuzi yako ya miezi mitatu kwenye ujumbe wa LUKU kwanza. Ukitaka kujua uniti yako ni ya bei gani, usitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana hapo ndipo kodi ya jengo ya 1,500 inapokatwa na hesabu inaharibika.

Jambo linalofuata halimo kwenye kijitabu cha maelekezo, na kwa mama wa nyumbani lina uzito kuliko mengi yaliyomo. Katika nyumba nyingi LUKU inanunuliwa na baba, mkaa au gesi inatoka kwenye hela ya mboga. Presha kuka inahamisha gharama kutoka mfuko wa mama kwenda mfuko wa baba. Mwezi wa kwanza LUKU ikiisha siku mbili kabla ya kawaida, jiko linalaumiwa, linawekwa juu ya kabati, na mkaa unarudi. Kaeni mpange mapema: katika ile elfu kumi na mbili hivi ya gesi isiyonunuliwa tena kwa mwezi, 2,000 inunue LUKU ya jiko, nyingine iende kwenye kibubu mpaka bei ya jiko irudi. Anayecheza mchezo wa kupeana hela na majirani achukue zamu yake alipe jiko taslimu, kwa sababu bei za kukopeshwa kidogo kidogo huongezwa juu, na nyongeza ya 40,000 inakula miezi minne ya akiba.

Sasa kupika kwenyewe.

Lita 6 si lita 6 za maharage. Maharage yanatoa povu na kuvimba, kwa hiyo sufuria isijazwe zaidi ya nusu, maji na maharage pamoja. Ndani ya sufuria kuna mistari. Mstari wa juu ni wa supu na nyama, maharage yaishie kwenye nusu. Hii maana yake nusu kilo inaingia kwa raha, gramu 600 au 700 ndiyo mwisho. Familia ya watu wanane inayokula kilo nzima kwa siku itapika mara mbili, na hilo lihesabiwe kabla ya kununua.

Nusu kilo iliyochambuliwa na kuoshwa inahitaji maji lita 1.75: chupa ya maji ya lita moja na nusu, uongeze robo lita. Usitumie mazoea ya sufuria ya wazi ya kujaza maji mengi. Humu mvuke hautoki, maji uliyoweka ndiyo utakayoyakuta, na mama wengi mara ya kwanza wanapata maharage yanayoogelea. Weka kijiko kimoja cha mafuta kupunguza povu. Kitunguu kizima kinaweza kuingia. Nyanya isiingie. Uchachu wa nyanya unakaza ganda, maharage yanabaki na kiini kigumu hata baada ya saa. Nyanya, tui na karoti ni za kuungia baadaye.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima yenye chokaa, yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika, yanachelewesha maharage, presha au bila presha. Kama kuna ndoo ya maji ya mvua au ya bomba, itumie kwa maharage, ya kisima yaoshee vyombo. Magadi hayana kazi tena. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na kwenye presha kuka muda unaookolewa ni dakika chache tu.

Muda unategemea maharage. Maharage ya njano ya msimu huu, bila kulowekwa, dakika 35 hadi 40 baada ya presha kupanda. Mekundu, 45. Ya zamani, yaliyokaa stoo mwaka na zaidi mpaka ganda limefifia, 60, na mengine hata hapo hayalainiki. Ukiyaloweka usiku, dakika 15 hadi 20 zinatosha. Lakini kuloweka kunapunguza umeme kidogo tu, kwa sababu gharama iko kwenye kupasha maji, si kwenye kukaa na presha. Loweka kwa ajili ya tumbo, si kwa ajili ya LUKU. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, loweka mahindi, kisha dakika 60. Kongoro 60 hadi 75. Nyama ya ng'ombe ya kawaida 25 hadi 30, kuku wa kienyeji aliyekomaa 35 hadi 40. Choroko 12 zinatosha, zikizidi unapata uji.

Muda ukiisha, chomoa waya ukae dakika 15 hadi 20 bila kugusa kitu. Presha itashuka yenyewe, na dakika hizo maharage bado yanaiva kwa joto ambalo umeshalilipia. Anayefungua mvuke papo hapo anapoteza joto hilo, na povu la maharage linarushwa juu kupitia kizibo. Pini ndogo kwenye kifuniko ikishadondoka, fungua. Isipodondoka, usilazimishe kifuniko kwa nguvu yoyote. Mvuke wa humo una joto la nyuzi 115 hivi, unababua kuliko maji yanayochemka. Jiko likae mbali na ukingo wa meza, waya usining'inie mahali mtoto atakapoushika.

Walioko Arusha, Mbeya na Njombe wana faida zaidi. Kwenye miinuko hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu 95 au chini yake, ndiyo maana maharage ya huko yanakula kuni bila huruma. Presha inaondoa tatizo hilo karibu lote. Ongeza dakika 5 tu kwenye muda tuliotaja.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Kama presha ilikuwa imepanda kwa dakika 20, acha sufuria imefungwa nusu saa; maharage ya njano mara nyingi yanamalizikia hapo. Majiko mengine hayaendelei yenyewe umeme unaporudi, yanasubiri kitufe kibonyezwe upya, kwa hiyo anayetoka nyumbani akiliacha linapika anaweza kurudi akakuta maharage yamelala mabichi kwenye maji ya uvuguvugu. Umeme ukiwa mdogo nalo ni tatizo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, wati 1,000 zinakuwa 600 na kidogo, na kupanda kwa presha kunachukua muda mara moja na nusu au zaidi. Pika mchana, kabla ya saa 12 jioni mtaa mzima haujawasha.

Na kitufe cha kupika polepole kisitumike kwa maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na kuchemka kwa nguvu, na joto la kitufe hicho linaweza lisifike huko. Matokeo yake ni kutapika na tumbo, saa chache baada ya kula.

Vinavyoharibika ni vilevile kwa karibu majiko yote ya aina hii. Mvuke ukitoka pembeni ya kifuniko na presha haipandi, mara nyingi tatizo ni mpira wa kifuniko. Uvue, angalia kama ganda la maharage limenasa, uoshe, uurudishe sawasawa kwenye waya wake mpaka uzunguke bila kukaza. Mpira uliogeuka mgumu au kuonyesha nyufa haurekebishiki, badilisha. Mvuke ukitoka juu kwenye pini, pini imekwama kwa wanga. Isukume juu na chini kwa kidole, kifuniko kikiwa kimepoa, kisha suuza. Upande wa ndani wa kifuniko kuna kofia ndogo ya chuma inayokinga tundu la mvuke. Ivutwe na kuoshwa kila baada ya maharage. Ikiziba, presha inakosa njia yake ya kawaida, na hili halina mjadala.

Kosa linaloua jiko zima ni dogo sana kwa macho: punje ya mchele, au matone ya maji, kati ya sufuria ya ndani na sahani ya moto. Sufuria haikai vizuri, sahani inapata joto kupita kiasi, fyuzi ya joto inakatika, na jiko linazima moja kwa moja, halina hata taa. Kabla ya kuingiza sufuria, pitisha kitambaa kikavu chini yake na juu ya sahani, kila mara. Fyuzi yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo na fundi wa vifaa vya umeme anaibadilisha. Asiiunganishe kwa waya ili liwake tu. Fyuzi ile ndiyo inayozuia moto.

Extension nyembamba za kuchajia simu zisitumike. Jiko linavuta ampia 4 na zaidi kwa mfululizo, waya unapata joto, soketi inalegea na kuungua. Lichomekwe ukutani. Na likimaliza kupika linajiweka lenyewe kwenye kutunza joto. Likiachwa hivyo usiku kucha, sehemu ya akiba ya ile sufuria inaishia humo. Asiye na friji apike ya siku moja, kwani kwenye joto la Dar maharage yaliyoungwa yanachacha kufika asubuhi. Mwenye friji ya kugandisha agawe yaliyochemshwa bila kuungwa kwenye makopo ya mlo mmoja, na hapa ndipo sufuria moja inapolisha siku mbili au tatu kwa shilingi 150.

Dukani, omba lijaribiwe kabla ya kulipa. Vikombe viwili vya maji, kifuniko, dakika 5 za presha. Pini ipande na mvuke ukae kimya pembeni. Chagua plagi ya pini tatu bapa, maana ya pini mbili za duara itakulazimisha adapta, na adapta inaungua. Sufuria ya ndani ya chuma cha pua inashinda ile ya rangi nyeusi: nyeusi ikiguswa na upawa wa chuma inachunika ndani ya mwaka. Ukipata nyeusi tu, tumia mwiko wa mti, na usioshee steel wool. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye tarehe.

Kabla hujaondoka, muulize mwenye duka kama anauza mpira wa jiko hilo. Kwa majiko mengi ya lita 6 ni wa sentimita 22, lakini unene hutofautiana na usiolingana unavuja. Kama anao, nunua mmoja wa akiba siku hiyohiyo. Kama hana na hajui utakapopatikana, angalia jiko la duka la pili.